Supu Tamu kwa Meza ya Kwanza

Sikumpenda Lim Bong-iau hata siku moja, na nilifanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Nalisema mapema ili asije mtu akadai namsifia kwa kuwa alinilipa mshahara. Mwanamke yule alikuwa na ulimi wa kukata mfupa. Ukichelewa dakika tano anakuuliza kama umejifungulia njiani. Ukikata tangawizi nene anaimwaga chini mbele ya wenzako, anakwambia, "Haya, okota, uwapelekee nguruwe wa kwenu." Tangu niolewe nimelia mara tatu, na zote tatu yeye ndiye aliyeniliza.

Alikuwa mpishi wa karamu za barabarani. Sisi watu wa Cijin, ng'ambo ya bandari ya Kaohsiung, mtu akiozesha mtoto au akihamia nyumba mpya haendi kulisha wageni hotelini. Barabara inafungwa, turubai linapandishwa, meza za duara zinapangwa watu kumikumi, na majiko ya gesi yanaunguruma kando ya mtaro. Mimi nilikuwa kiongozi wa wabeba sahani. Jina langu Siu-tho, wenzangu wananiita Dada Tho, yeye aliniita "wewe".

Jina lake lenyewe lilikuwa tusi. Bong-iau ni jina la binti asiyetakiwa, maana yake "mlee tu, tutafanyaje". Baba yake, Mzee Lim Chun-ki, alipata mabinti wanne mfululizo, na alipofika wa nne hakujisumbua kutafuta jina zuri. Miaka minane baadaye akapata Eng-chuan, mtoto wa kiume, na siku hiyo akafyatua fataki mpaka jirani mmoja akaunguliwa na kamba ya nguo.

Mzee alikuwa ndiye mpishi mkubwa wa kisiwa kizima. Bong-iau alisimama ubavuni pake tangu ana umri wa miaka minane, akimenya, akikoroga, akichungulia. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mzee akashikwa na homa siku ya harusi ya meza arobaini. Bwana harusi hana pa kukimbilia, wageni wako njiani. Msichana akafunga aproni, akashika visu vitatu vya baba, akapika vyakula vyote kumi na viwili. Mwisho wageni wakamwita mpishi atoke apewe kikombe cha pombe kali, kama desturi. Walipomwona walicheka kwanza, halafu wakampigia makofi, wakasimama.

Habari zikamfikia mzee kitandani. Akaamka na homa yake, akaja mpaka uani ambako wasaidizi walikuwa wanaosha masufuria. Hakugomba. Alivichukua vile visu mkononi mwa binti, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda kumkabidhi Eng-chuan, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa anacheza gololi. "Jiko la Lim lina mwanaume," alisema. Tangu siku hiyo hakuweka tena kinywani kitu kilichopikwa na Bong-iau. Kila mwaka mpya binti alikwenda na sahani zake kumwamkia, na mzee alikula wali mkavu mbele yake. Miaka arobaini na miwili, wali mkavu!

Watu humwambia mtu kama huyo, "Achana naye, yameshapita." Yamepita wapi? Mwenye kovu usidhani kapoa. Bong-iau alinunua visu vyake, akaolewa na dereva wa lori, akamzika, akakusanya kundi la wanawake kumi wenye midomo michafu na mikono myepesi, na akapika kila karamu iliyowezekana kupikwa kisiwani, isipokuwa moja. Siku ya kuzaliwa ya Mama Matsu, mungu wetu wa kike wa bahari, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu wa kalenda yetu ya kale, wakati joto limeanza kushika na bahari imetulia, hekalu huandaa meza themanini. Hiyo ilikuwa ya Mzee Chun-ki, kisha ya Eng-chuan. "Moto wa Mama Matsu hauwashwi na mwanamke," mzee alikuwa anasema, utafikiri Mama Matsu mwenyewe ana ndevu.

Lakini Eng-chuan alikuwa amenenepa akili na tumbo pamoja. Alianza kununua chakula cha kugandishwa kwenye maboksi, yeye anakipasha tu na kujipiga kifua. Mwaka wa tisini kamba wake walinuka mpaka mwimbaji jukwaani alikata wimbo katikati. Hivyo mwaka uliofuata kamati ya hekalu ikakataa kuamua. Mwenyekiti wao, Bwana Chua, mtu mwoga mwenye suti moja, akasema Mama aulizwe mwenyewe.

Kumuuliza ni kurusha vile vipande viwili vya mbao vilivyopinda mithili ya mwezi mwandamo. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, Mama amekubali. Vikilala chali vyote, anakucheka. Na lazima akubali mara tatu mfululizo. Bwana Chua akasoma jina la Eng-chuan: Mama akakubali mara moja, halafu akacheka mara mbili. Akasoma jina la mpishi mmoja wa ng'ambo: akachekwa moja kwa moja. Akasoma jina la Lim Bong-iau kwa sauti ndogo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Labda Mama hakusikia vizuri," alisema Bwana Chua, akarusha tena. Ndiyo.

Sisi wanawake wa jikoni tulipiga kelele humo hekaluni kama tumeshinda bahati nasibu. Mzee Chun-ki alikuwa mlangoni na mkongojo wake, umri miaka themanini na sita, mgongo umenyooka.

"Mbao hizo zimepinda," alisema.

"Mzee, mbao hizi zote huwa zimepinda," alijibu Bwana Chua.

"Sawa. Nitakuja kwenye karamu. Nitakaa meza ya kwanza, mahali pangu. Wala sitakula."

Kila mtu alimsikia, na kila mtu alijua maana yake. Mezani kwetu mkubwa asipoinua vijiti vyake, wadogo hawainui vyao. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote, tena mpishi wa zamani. Akikaa mbele ya hekalu amekunja mikono, wale wa kamati watakaa naye na njaa zao, meza za jirani zitashika vijiti kwa aibu, na kufika jioni kisiwa chote kitasema chakula cha Bong-iau hakiliki. Alikusudia kumfedhehesha bintiye kwa kukaa tu.

Mimi nilidhani Bong-iau atatukana. Hakutukana. Alisema, "Atakula," akaenda zake.

Siku tatu alitutesa. Hakuchagua chakula cha kisasa hata kimoja. Alichagua vyakula vya baba yake, vile alivyofundishwa akiwa mtoto, kwa mpangilio wa baba yake. Mwezi ule machipukizi ya mianzi yalikuwa ndiyo yanaanza kutoka, machanga, matamu, na aliyakataa magunia mawili kwa sababu eti ncha zake zimeona jua. Sokoni alichagua chewa themanini wa kupika kwa mvuke, na mmoja wao, wa meza ya kwanza, alimchagua peke yake kwa nusu saa, akimfungua mashavu, akimbonyeza mgongo, mpaka muuzaji akamwambia, "Mama, unamnunua au unamposa?"

Nilimuuliza tukiwa tunamenya mbegu za yungiyungi, "Fundi, na asipokula?"

"Wewe menya. Nimekuajiri mikono, sikuajiri mdomo."

Unaona? Ndiyo maana sikumpenda.

Siku yenyewe ilifika na joto la kutoa jasho chini ya macho. Saa sita mchana barabara ya hekalu ilikuwa nyekundu tupu, meza themanini zimefunikwa zile karatasi nyembamba za plastiki nyekundu. Upande mmoja jukwaa la opera, waigizaji wanapakana rangi wakisubiri zamu yao ya alasiri. Upande wa pili lori la mwimbaji, na binti wa watu amevaa kaptula ya kumetameta, anaimba mapenzi kwa kipaza sauti mbele ya mungu na wajumbe wa kamati. Fataki zikalia, moshi ukatanda, na sisi tukatoka na sahani ya kwanza, ya vitu baridi: kamba-koche, ulimi wa nguruwe, mayai ya samaki yaliyokaushwa.

Mzee Chun-ki alikuwa amekaa. Shati jeupe, vifungo mpaka shingoni. Kulia kwake Bwana Chua, kushoto kwake Eng-chuan, aliyekuja kama mgeni, uso mwekundu kwa bia.

Niliweka sahani. Mzee hakugusa vijiti.

"Mzee, karibu, tufungulie," alisema Bwana Chua.

"Kuleni tu. Mimi nasubiri chakula."

Eng-chuan akacheka peke yake. Wengine wakatazama mikono yao. Meza ya pili wakaona, nao vijiti vikapungua mwendo.

Sahani ya pili, supu nzito ya mapezi ya papa na machipukizi ya mianzi. Harufu yake ilinifanya nimeze mate, mimi niliyeshinda nayo tangu alfajiri. Mzee aliipisha puani, nikaona pua inacheza, akageuza uso. Supu ikafunga utando. Mmoja wa kamati, mzee mwenye kisukari, alimnong'oneza Bwana Chua kwamba ataanguka.

Sahani ya tatu, kaa mwekundu juu ya wali wa kunata. Hapo minong'ono ilikuwa imefika meza ya kumi. Nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Baba yake mzazi hali, mimi nani nile?" Akaweka vijiti chini. Mwenzangu, ningeweza kumvika ile sahani kichwani!

Nikarudi jikoni, nimejaa hasira hata sijui ni za nani. "Hajagusa. Wanaweka vijiti chini sasa. Meza ya pili, ya tatu, ya sita."

Bong-iau alikuwa amesimama mbele ya masufuria ya mvuke, jasho linamchuruzika. Wale chewa walikuwa ndani, ndio sahani ya nne. Alifuta uso kwa kiwiko.

"Unakumbuka alivyomfanyia yule tajiri wa kiwanda cha barafu?" aliniuliza.

Nani asiyekumbuka? Mzee alijisifia kisa hicho maisha yake yote. Tajiri alitema supu yake mezani, na Mzee Chun-ki, kijana wakati huo, akampelekea supu tamu wakati karamu haijafika hata nusu. Kwetu tamu ikitua mezani, karamu imekwisha. Hakuna anayengoja kuambiwa. Unakunywa, unafunga mabaki yako kwenye mfuko, unasimama, unakwenda. Kumpa mtu tamu mapema ni kumfukuza bila kufungua mdomo, na tajiri yule alisimama mwenyewe akaondoka mbele ya watu mia tatu.

"Fundi," nilisema, "yule ni baba yako. Na pale kuna kamati nzima. Mwaka kesho hawatakusoma hata jina."

"Tho." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. "Peleka supu tamu meza ya kwanza."

"Na samaki wao?"

"Wengine wote toeni. Wa meza ya kwanza mwacheni kwenye mvuke."

Nikabeba lile bakuli kutoka kwenye barafu. Mbegu za yungiyungi, uyoga mweupe, tende nyekundu. Nilipita katikati ya meza na watu waligeuza shingo kila nilipopita, maana kila mtu anajua tamu inafanana vipi. Binti wa lori aliendelea kuimba, maskini, hakuwa wa kwetu. Nikalitua mbele ya mzee.

"Hii nini?" aliuliza Bwana Chua.

"Supu tamu, Mwenyekiti."

"Naiona! Lakini tumefika sahani ya tatu!"

"Fundi kasema."

Eng-chuan akasimama, kiti kikaanguka. "Huyu mwanamke ana wazimu! Baba, twende, anakutukana!"

"Kaa chini," alisema mzee. Alikuwa analitazama bakuli.

Wale wanane wa kamati hawakungoja fasiri. Desturi ni desturi, na njaa ni njaa. Walijichotea vijiko viwiliviwili vya supu kwa heshima ya Mama, wakainuka, na sijawahi kuona wazee wa kamati wakikimbia vile, kila mmoja anajibana kwenye meza nyingine ambako chewa ndio kwanza wanatua. "Sogea, sogea bwana, mimi ni mwembamba!" Yule wa kisukari alikuwa anatafuna kabla hajakaa. Watu wakacheka, na waliocheka wakaanza kula. Karamu iliamka. Eng-chuan alibaki amesimama nyuma ya baba yake, hajui mikono aiweke wapi.

Mzee akachukua kijiko. Akachota. Akaweka mdomoni.

Kitu cha kwanza cha binti yake kwa miaka arobaini na miwili, tena ndicho kinachomwambia toka. Alikula polepole, mbegu moja moja, mpaka bakuli la watu kumi likabaki na barafu tu. Hakusema tamu wala chungu. Alifuta mdomo. Alipaswa kusimama, na hakusimama. Alikaa peke yake kwenye meza ya watu kumi, kaa na supu iliyoganda mbele yake. Kisha akaniita kwa kidole.

"Samaki yuko wapi?"

Nikaenda jikoni mbio. "Anataka samaki! Fundi, anamuulizia samaki!" Wenzangu waliacha walichoshika. Mmoja alikwishachukua sinia.

Bong-iau alisema, "Subiri," akavua aproni, akatoka mwenyewe. Alisimama upande wa pili wa meza. Sikujua kuwa wanafanana namna ile, mpaka mikunjo ya kinywa.

"Umeshiba, baba?"

"Samaki."

"Samaki yupo. Yuko motoni, wako, nilikuchagulia mwenyewe. Nitakuletea kwa mikono yangu. Nijibu kitu kimoja tu. Nani kapika?"

Mzee akatazama hekalu.

"Jiko la Lim," alisema.

"Jiko halina mikono. Nani?"

"Dada, acha basi, mzee huyu," alisema Eng-chuan.

"Wewe nyamaza, mpasha maboksi. Baba. Ulinipa jina mwenyewe, bovu, lakini ulinipa. Litaje. Nani kapika?"

Bwana Chua alikuwa na kipande cha samaki hewani kwenye vijiti. Mdomo wa mzee ulifunguka. Nikasema moyoni, sema, mzee, sema, silabi mbili tu, wewe unazo pumzi ngapi zilizobaki? Nilimwona ulimi. Kisha akafunga mdomo, akashika mkongojo kwa mikono yote miwili, na akakaa hivyo.

Bong-iau alimpa muda. Alimpa muda mrefu mno, mimi nimesimama pale na najua. Binti wa lori alimaliza wimbo mmoja akaingia wa pili. Bong-iau hakusogea, hakurudia swali. Mzee naye hakusogea.

Mwishowe Bong-iau akashika pembe nne za ile plastiki nyekundu, jinsi tunavyofanya karamu ikiisha, akazikusanya katikati, sahani za bati, kaa, mapezi, vijiti ambavyo havikutumika, akafunga fundo, akanipa mimi furushi. Mzee akabaki mbele ya ubao mtupu.

"Karamu imekwisha, Mzee Lim," alimwambia, kama anavyoambiwa mgeni yeyote. Akageuka.

Eng-chuan ndiye aliyemwinua baba yake na kumpeleka nyumbani kwa teksi ya miguu mitatu. Zile meza sabini na tisa zilikula mpaka zikalamba, na bado mwezi huohuo kamati ilikaa ikaamua kwamba mtu anayemfukuza mzazi wake mbele ya hekalu hatapika tena hapo, mbao zisirushwe hata kidogo. Wanaume waliobeba samaki wake tumboni ndio waliopiga kura. Wanafiki! Niliwaambia hivyohivyo nilipoitwa kueleza, wakanitoa nje.

Lakini mchana ule, opera ilipoanza na sisi tumemaliza kuosha, Bong-iau alifungua sufuria la mwisho la mvuke. Alimtoa yule chewa wa meza ya kwanza, akamwagia mafuta ya moto na majani ya kitunguu, akamweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatugawia vijiti wote kumi.

"Kuleni."

Tukala. Alisimama anatutazama vinywa, yeye hakula.

"Vipi?" aliuliza. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kutuuliza.

"Mtamu, Fundi," walisema wenzangu, mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini. "Mtamu sana."

Akanigeukia mimi. "Wewe?"

Ningeweza kusema mtamu. Yeyote mwenye huruma angesema. Lakini alikuwa amenifundisha kazi kwa matusi, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa siku ile.

"Mgumu," nilimwambia. "Umemwacha motoni mno, ukimsubiri."

Bong-iau akachukua vijiti mkononi mwangu, akaonja, akatafuna kwa muda.

"Ndiyo," alisema. "Mgumu."